Juu ya Usemi "Nchi Isiyokuwa na Dini"

Ibara ya 3 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977, kama isomekavyo hivi leo, yasema kwamba Jamhuri ni nchi ya kidemokrasia, ya kijamaa na "isiyokuwa na dini". Katika nakala ya Kiingereza, mahali pa maneno hayo matatu pana neno moja tu lenye asili ya Kilatini, ambalo maana yake ya kwanza ni mambo ya dunia hii. Nia yangu hapa ni kuupima usemi huo kwa mizani ya lugha, pamoja na mwenzake unaosikika zaidi barazani na magazetini, yaani "kuchanganya dini na siasa". Naona kwamba semi hizi mbili zimezoea kukata mashauri ambayo sheria yenyewe haikuyakata.

Na tuanze na ule wa kwanza. Katika Kiswahili, kusema kwamba kitu hakina kitu fulani ni kusifu au kulaumu, kwa kadiri ya hicho kinachokosekana. Nguo isiyo na doa yasifiwa. Mtoto asiye na adabu alaumiwa. Sasa dini, kwa wasemaji karibu wote wa lugha hii, ni jambo jema, na mtu asiye na dini, katika kinywa cha watu wa pwani na wa bara pia, ni mtu asiyeaminika hata kuwekeshwa amana. Msikilizaji wa kawaida, basi, asikiapo kuwa nchi yake haina dini, husikia lawama au upungufu, hali mtunga sheria alikusudia haki sawa kwa wote. Ndiyo maana wahubiri kadha wa kadha, Waislamu na Wakristo, huushika usemi huo wakaugeuza kuwa shtaka.

Tena kosa halimo katika "dini" tu, limo pia katika "nchi". Nchi ni ardhi, na watu, na mila zao. Nchi ya namna hiyo haiwezi kukosa dini: wimbo wa taifa wenyewe ni dua, Bunge hufunguliwa kwa kumwomba Mungu, na Rais huapa akiwa ameshika Kurani au Biblia. Usemi ujulikanao na wote, ambao hunasibishwa na Mwalimu Nyerere, kwamba serikali haina dini bali watu wake wanazo, ulichagua jina lifaalo. Ajabu ni kwamba Katiba, ambayo asili yake ni Kiswahili, imesema kwa ulegevu kuliko usemi wa mdomoni.

Usemi wa pili una madhara makubwa zaidi. Mchuuzi huchanganya maziwa na maji. Kuchanganya, katika biashara, ni kuharibu kwa siri. Kwa hiyo asemaye kwamba fulani "amechanganya dini na siasa" amekwisha kumhukumu kabla ya kueleza alilotenda. Lakini sheria yakataza mambo gani hasa? Ibara ya 19 yasema kwamba uendeshaji wa jumuiya za dini utakuwa nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Ibara ya 20 yazuia kuandikishwa kwa chama cha siasa chenye shabaha ya kukuza maslahi ya dini fulani. Ya kwanza yaizuia dola isiingie msikitini na kanisani. Ya pili yazuia chama kisivae kanzu wala joho. Hakuna katika hizo iliyomnyima shehe au askofu haki aliyo nayo raia yeyote ya kusema kwamba utawala umekosea.

Mifano haiko mbali. Mwezi Desemba 1968 Jumuiya ya Ustawi wa Waislamu wa Afrika Mashariki ilipigwa marufuku nchini Tanzania, na mwezi huo huo likaundwa Baraza Kuu la Waislamu, BAKWATA. Masharti ya ibara ya 19 hayakuwapo wakati huo. Lakini kama kuna tendo la mamlaka kuingia katika uendeshaji wa dini, ni lile, na Waislamu wengi hawajalisahau. Mwaka 2018 maaskofu wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri walitoa waraka wa Pasaka uliogusa haki za raia. Ikatoka barua ya serikali kuwataka waufute. Mwezi Juni waziri mwenyewe akaikana barua hiyo. Mwezi Agosti 2023 Baraza la Maaskofu Katoliki likatoa tamko la kupinga mkataba wa bandari na Dubai. Mara hizo mbili za mwisho usemi wa kuchanganya ulivuma sana. Haukuvuma, wala hauvumi, kiongozi wa serikali anapoalikwa kuwa mgeni rasmi katika futari au harambee ya kanisa, akapewa kipaza sauti na kusifiwa na mwenye mimbari. Huko Kenya walioukata mchanganyiko wa aina hii ni watu wa dini wenyewe: mwezi Novemba 2024 Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi lilikataa fedha alizozitoa Rais William Ruto kanisani.

Neno "siasa" lenyewe limepungukiwa njiani. Lilitoka Uarabuni likiwa na maana ya kuongoza na kutengeneza mambo, na kamusi za zamani za Kiswahili zililipa hata maana ya upole na utaratibu. Siku hizi limebanwa likawa ugomvi wa vyama, na kwa maana hiyo finyu ni rahisi kumwambia mtu wa dini kwamba halimhusu.

Wako wasemao "isiyofungamana na dini", kwa kufuata mfano wa nchi zisizofungamana na upande wowote. Naupendelea usemi huo, kwa sababu kutofungamana si kukosa, wala si kuchukia. Ni kukataa kuwa upande wa mmoja. Ningeandika "dola isiyofungamana na dini yoyote". Taabu iliyobaki ni hilo neno "dola": wanasheria walitumia vizuri, lakini raia wengi, wakisikia "vyombo vya dola", huwaza polisi na magereza kwanza.