Neno "Rahisi" Mbele ya Mate

Mwaka 1955 Michael Buonocore, mtafiti wa meno wa Rochester, New York, alichapisha makala ambayo kichwa chake kwa Kiswahili kingesomeka hivi: njia rahisi ya kuongeza mshikamano wa vijazio vya akriliki kwenye nyuso za enameli. Kimejaa nomino: njia, mshikamano, vijazio, nyuso. Mtu hayumo. Mdomo haumo, ulimi haumo, shavu halimo. Jino limebaki kuwa uso tu, kama bati linalosubiri rangi, na mfano huo haukutoka mbali: viwandani asidi ya fosfori ilikuwa ikipakwa kwenye chuma ili rangi ishike. Buonocore aliihamishia kwenye jino, ya asilimia 85, kwa sekunde 30.

Sifa iliyomo ni moja tu, "rahisi", na hiyo ndiyo inayonisumbua.

Asidi huichimba enameli, tabaka gumu la nje la jino, vitundu vidogo mno. Gundi ya kushikisha kijazio ikipenya humo na kugandishwa kwa mwanga, imeshika. Enameli iliyopakwa asidi, ikasuuzwa na kukaushwa, huwa nyeupe kama chaki, haina mng'ao. Sasa mgonjwa ameze mate, ulimi uteleze kidogo tu: mng'ao unarudi. Anayetazama kwa haraka ataona unyevu na kupuliza hewa. Lakini mate ni maji kwa takriban asilimia 99. Madhara yamo katika kile kidogo kinachosalia, hasa protini, ambazo huanza kulivika jino utando papo hapo. Hewa itakausha maji, utando utabaki umeziba vitundu, na gundi itaukuta huo badala ya jino.

Maelekezo ya gundi nyingi za leo yamerithi umbo lilelile la kichwa kile. Paka asidi, suuza, kausha, paka gundi, angaza. Amri fupi, zina mwendo mzuri, hata mwanafunzi atazikariri kwa siku moja. Mate, yakitajwa, huja nyuma ya "iwapo", kana kwamba ni ajali, ilhali mdomoni hayakosi hata dakika moja. Kwangu hiyo ni kasoro ya uandishi inayomfikia mgonjwa: kitenzi cha kwanza kilipaswa kuwa "zuia mate", na baada ya "iwapo" ifuate amri kamili ya kusuuza na kuandaa jino upya.

Kifaa cha kuzuia kilikuwapo. Sanford Barnum, daktari wa meno wa New York, alianza kulitenga jino kwa kipande cha mpira mwaka 1864, miaka 91 kabla ya makala ya Buonocore.