Uso Usiopakwa Rangi

Jozi hii ya picha ndogo inaenea kiganjani. Louis XVI, mfalme wa Ufaransa, huku, malkia wake Marie Antoinette kule, kila mmoja ndani ya duara la yai lisilozidi urefu wa kidole cha kati. Mfalme ana utepe wa buluu wa nishani ya Saint-Esprit kifuani. Malkia ameshika waridi. Wamegeuziana nyuso kidogo, kama desturi ya picha za mume na mke. Kwa mbali utasema ni vipambo tu. Zisogeze dirishani, chukua kioo cha kukuzia.

Shavu la malkia, kwa sehemu kubwa, halikupakwa rangi. Weupe ule wenye uvuguvugu ni pembe ya ndovu yenyewe. Kabla ya hapo picha ndogo kama hizi zilichorwa juu ya ngozi ya ndama. Rosalba Carriera wa Venice ndiye aliyeonyesha, karne ya 18 ilipoanza, kwamba pembe inaweza kufanya kazi ya ngozi ya mtu. Ilipasuliwa kwa msumeno hadi ikawa nyembamba kiasi cha kupitisha mwanga. Lakini pembe ina mafuta, na maji hayaishiki. Basi ilisuguliwa kwa unga laini wa mawe, ikaanikwa juani ing'ae, ndipo ikapokea rangi za maji zilizochanganywa na gundi ya mgunga.

Hata hapo haisamehe. Brashi ikiloa mno, mguso wa pili unang'oa wa kwanza. Ndiyo maana fundi alikwenda kwa nukta, brashi ikiwa karibu kavu. Chini ya kioo, kidevu kinene cha mfalme ni vumbi la kijani, kijivu na wekundu hafifu. Ondoa kioo, vumbi linageuka nyama. Nguo zina kanuni nyingine: rangi nzito yenye weupe ndani, hata nyuzi za lesi zimeinuka kidogo.

Si wote waliokubali utumwa wa nukta. Peter Adolf Hall, Mswidi aliyehamia Paris mwaka 1766, alipitisha brashi kwa haraka na raha, na picha zake zinapumua. Nampenda. Ila leo namsifu huyu mvumilivu asiye na jina.

Maana jozi za namna hii nyingi ni kazi za karne ya 19, wakati mfalme na malkia walikwisha kukatwa vichwa: mume Januari 1793, mke Oktoba mwaka huohuo. Huyu malkia wa waridi ametolewa kwenye picha ya mchoraji Élisabeth Vigée Le Brun ya mwaka 1783, iliyochorwa upesi baada ya picha yake nyingine ya malkia, ile ya gauni jepesi jeupe, kuzua maneno na kuondolewa kwenye maonyesho. Turubai lenye urefu wa zaidi ya mita moja, mnakili akalikunja hadi likaingia mfukoni. Mara nyingi picha kama hizi hubandikwa sahihi ya bwana mkubwa fulani. Wauzaji hugombana juu ya sahihi. Mimi naona lesi.

Fremu nayo ni vipande vya pembe vilivyoungwa, vile vya vibonye vya piano kuukuu, kama zilivyo fremu nyingi za aina hii. Kipande kilitoka tembo gani, hakuna wa kukuambia. Lakini karne ya 19 Unguja ndiyo ilikuwa soko kuu la pembe duniani, na pembe laini ya Afrika Mashariki ndiyo waliyoitaka watengenezaji wa vibonye kule Connecticut, Marekani. Kutoka Ujiji na Tabora ilishuka pwani juu ya mabega ya watu. Ninapoishika fremu hii naishika kwa vidole viwili.

Rudi kwenye macho. Juu ya mboni ya malkia pana nukta moja ya rangi nyeupe, nzito, ndogo kuliko punje ya chumvi. Imekaa penyewe. Ya mfalme imeteleza pembeni kidogo, na kwa ajili hiyo anafanana na mtu aliyesikia jina lake likiitwa kutoka chumba cha pili.