Fundi wa Otonglo na Gauni la Harusi

Ukitoka mjini Kisumu kwa barabara ya Busia, ukaupita uwanja wa ndege, kabla hujafika njia panda ya Kisian utakutana na soko la Otonglo. Ni soko la kando ya barabara kama mengi ya huku: omena kwenye magunia, nyanya zilizopangwa mafungu, bodaboda wakisubiri abiria, vibanda vya mabati vilivyobanana. Katika vibanda hivyo mna mafundi wa nguo, na kati ya kazi zao ipo moja ninayotaka kuisifu leo bila kuibania maneno. Ni kazi ya kulichukua gauni la harusi lililoshonewa mwanamke mwingine, katika nchi nyingine, na kulifanya liwe la msichana wa hapa, kwa pesa ambazo familia yake inazo.

Familia nyingi hufika kwenye suala la gauni mfuko ukiwa umeshatoboka. Kamati ya harusi imekaa Jumapili baada ya Jumapili, imehesabu hema na viti, mchele na nyama, soda, magari, mpiga picha, keki. Gauni hutajwa mwishoni, na anayelitaja ni mama wa bibi harusi, kwa sauti ya mtu anayeona haya. Hana sababu ya kuona haya. Siku hiyo binti yake atasimama mbele ya koo mbili, na picha itakayopigwa itakaa ukutani sebuleni hata wajukuu waikute. Kutaka apendeze si anasa. Ni heshima ambayo kila mzazi ana haki ya kumtakia mtoto wake.

Njia ni tatu. Kuna kununua jipya katika maduka ya mjini, na kwa familia ninazozizungumzia bei huifunga njia hiyo mapema. Kuna kukodi. Kukodi kumewasitiri wengi, wala sikubezi. Ila gauni la kukodi halikatwi. Mwenye duka anataka kulipokea Jumatatu likiwa vilevile ili alikodishe tena, kwa hiyo linabanwa pini hapa, linafungwa utepe pale, na bibi harusi anashinda siku nzima akichunga asipumue sana. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Njia ya tatu ni mtumba ukiwa na fundi pembeni, na hapo ndipo ufundi wenyewe unapoanza.

Dada yangu alipokuwa anamwoza binti yake, kamati ilitenga shilingi 9,000 kwa kila kitakachovaliwa na bibi harusi, kuanzia shela hadi viatu. Akamwendea mama fundi mmoja wa Otonglo, akitarajia kuulizwa gauni liko wapi. Mama fundi alimkataza kununua chochote peke yake. "Dada, ukiniletea gauni bovu utanilipa mara mbili," alisema. "Twende Kibuye pamoja."

Kibuye ni soko la wazi mjini Kisumu, na siku yake kubwa ni Jumapili. Wauzaji hufungua marobota ya mitumba, na nguo zinazochaguliwa kwanza, zilizo safi na nzima, huitwa kamera. Zile za mwisho, zinazouzwa kwa bei ya kutupa, ni fagia. Mtu asiyejua hukimbilia kamera. Mama fundi alipita kati ya mafungu bila haraka, na kila gauni aliloshika alilipindua ndani nje kabla ya kulitazama usoni. Kwanza alitafuta akiba ya kitambaa ndani ya mishono, kwa sababu hiyo ndiyo hutumika kulipanua gauni. Kisha makwapa: jasho likishakaa miaka kwenye satini huacha umanjano sugu, ilhali tope la pindoni hutoka kwa maji baridi na sabuni laini. Zipu iliyokufa haikumsumbua, wala shanga zilizopukutika. Mwisho alichomoa uzi kutoka mshono wa ndani, akauwasha kwa kiberiti. Uzi ukayeyuka, ukajikunja kuwa kipunje kigumu cheusi. Poliesta. Angesikia harufu ya nywele zilizoungua angejua ni hariri, na pamba hunuka kama karatasi iliyochomwa. Kujua hivyo kuna faida yake, maana ndiko kunakoamua pasi iwe na moto kiasi gani. Huku kwetu pasi ya makaa bado inafanya kazi, na satini ya poliesta inaweza kuharibika kwa kuguswa mara moja tu.

Alichagua gauni ambalo sisi tuliofuatana naye sote tulikuwa tumeliruka: kubwa kuliko msichana, mkia mrefu, mabega wazi, pindo chafu. Muuzaji alianza na 4,500, wakaafikiana 2,800.

Kazi ya kwanza haikuwa kushona, ilikuwa kufumua. Kwa nusu ya wembe alikata uzi mmoja baada ya mwingine, akitenganisha kifua na sketi bila kuigusa lesi. Pindo lilizungukwa na lesi pana, na fundi mwenye pupa angelifupisha kwa kukata chini, lesi yote ikaenda na mkasi. Yeye alilifupisha kutoka kiunoni: akaipandisha sketi nzima, akakata ziada pale juu, kisha akairudisha kwenye kifua. Lesi ikabaki chini ilipokuwa, ikigusa kiatu.

Satini haisamehe. Sindano ikishapita huacha tundu, na ukifumua, tundu linabaki. Kwa hiyo kila mshono aliupiga bandi kwa mkono kwanza, pembeni mwa mstari, mahali ambapo tundu halitaonekana. Akampima msichana, akasahihisha, ndipo akakaa kwenye cherehani. Sindano nene anayoshonea sare za shule aliichomoa, akaweka nyembamba, nambari 11.

Yalibaki mabega, maana kanisa la familia halikubali bibi harusi kusimama madhabahuni mabega yakiwa wazi. Kununua lesi nyingine kusingesaidia, kwa kuwa weupe wa nguo iliyokaa miaka haulingani na weupe wa kitambaa kipya, na mbele ya kamera ya mpiga picha tofauti hiyo hupiga kelele. Mama fundi aliugeukia mkia. Aliupunguza, akaivua lesi iliyokuwa juu yake, akaikata mikono mirefu, na vipande vilivyobaki akaviunga mabegani ua kwa ua. Mikono ile ililingana na gauni kwa rangi na kwa nakshi, kwa sababu ilitoka humohumo. Hakuna duka ambalo lingetuuzia kipande kile.

Zipu aliiondoa kabisa. Mahali pake alishona vitanzi pande zote mbili, vya kupitishia utepe, na nyuma yake akaweka kipande cha satini cha kuficha ngozi. Mgongo wa namna hiyo hukazwa na kulegezwa kwa kadiri ya mvaaji. "Wiki ya mwisho bibi harusi hupungua kwa mawazo, au huongezeka," alitueleza. "Zipu haiyajui hayo."

Siku ya kujaribu hakumwacha asimame tu mbele ya kioo. "Nyara, binti yangu, kaa chini. Inua mikono. Sasa cheza." Msichana akacheza kwa haya katikati ya kibanda, huku mama fundi amepiga magoti, akitazama ni wapi mshono unavutwa. Sisi tulikuwa tunamtazama bibi harusi. Yeye alikuwa anatazama kitambaa. Aliona mkunjo mdogo chini ya kwapa la kushoto, akachomeka pini, akasema bado. Mkunjo huo hakuna mgeni ambaye angeuona. Bibi harusi mwenyewe ndiye angeusikia, kila anapoinua mkono kumpungia mtu.

Wapo wanaosema kuolewa na gauni lililovaliwa ni fedheha. Niwakumbushe gauni jeupe lenyewe lilitoka wapi. Ziwa lililo karibu na Otonglo, ambalo Waluo huliita Nam Lolwe, limepewa jina la Malkia Victoria wa Uingereza. Malkia huyo aliolewa tarehe 10 Februari 1840 akiwa na satini nyeupe na lesi ya Honiton, na harusi yake ndiyo iliyoueneza mtindo wa gauni jeupe uliofika hadi makanisani kwetu. Lesi yake hakuitupa. Aliivaa tena na tena maishani, na mwaka 1885 binti yake Beatrice aliolewa akiwa amejifunika shela ya mama yake. Mwaka 2020 Beatrice mwingine wa ukoo huohuo alifunga ndoa huko Windsor akiwa amevaa gauni la zamani la bibi yake, Malkia Elizabeth, lililorekebishwa na kuongezwa mikono. Watu walioweza kununua chochote walichagua nguo yenye historia na mkono wa fundi. Iweje msichana wa Otonglo aone haya kwa jambo lilelile?

Mafundi hawa wamefika hapa kwa njia ngumu. Kisumu ilikuwa na kiwanda chake cha nguo, KICOMI, ambacho kilianguka katika miaka ya 1990, wakati mitumba ilipofurika nchini. Waliokuwa wakikata kitambaa kipya wakajikuta wakirekebisha nguo zilizoshonwa na wengine, na watu wakadhani ufundi umeshuka hadhi. Mimi nashikilia kwamba umepanda. Anayeshona jipya anahitaji kuujua mwili mmoja. Anayerekebisha anahitaji kujua miwili, wa yule aliyeshonewa na wa huyu aliyesimama mbele yake, na tena aisome nia ya fundi wa kwanza ambaye hatamwona kamwe. Serikali ilipozuia mitumba kuingia nchini Machi 2020 kwa hofu ya korona, hadi Agosti, ujuzi huo haukulala. Masanduku ya mama wadogo na mashangazi yalifunguliwa, na magauni ya zamani yakapelekwa vibandani yakafumuliwe.

Wala wanaohudumiwa si wasichana pekee. Makanisa mengi hubariki ndoa za watu walioishi pamoja kimila kwa miaka mingi, na mara nyingine wanandoa kadhaa hufungishwa siku moja ili gharama igawanywe. Bibi harusi wa namna hiyo huja kwa fundi akiwa mama wa watoto wanne, na magauni mengi yanayotundikwa madukani hayakukatwa kwa kumfikiria yeye. Kwa fundi hupimwa kwa makini yaleyale anayopimwa nayo mwanamwali, bila mzaha. Hiyo nayo ni sehemu ya ufundi.

Kinachoniuma ni ujira. Mtu anayelipa bila swali keki itakayoliwa ikaisha kwa nusu saa, huyohuyo hukaa na fundi akimbembeleza apunguze mia mbili. Kwa yote niliyoyaeleza, mama fundi wetu alitaja shilingi 3,000. Dada yangu alizihesabu akamkabidhi, na zilizobaki zikatosha shela na viatu.

Kwa hiyo wewe mwenye binti anayeolewa na mfuko mwepesi, anza kwa fundi kabla hujaenda sokoni wala dukani. Mpe miezi, usimpe siku. Gawa pesa zako kabla hujanunua kitu, na fungu la fundi lisiwe dogo kuliko la gauni. Ukisita kati ya gauni kubwa na dogo, chukua kubwa. Harusi ikiisha lifue, ulikunje, umwekee mdogo wake, maana mgongo wa vitanzi utamkubali naye. Na fundi akikutajia bei yake, mlipe yote.