Samani za Shubiri Moja

Mtu akusanyaye vitu vikubwa huonywa mapema na nyumba yake mwenyewe, kwani kabati la tatu likiisha kuingia sebuleni mlango haufunguki sawasawa, wageni hujigonga magoti, na jamaa huanza kunung'unika. Lakini akusanyaye samani za nyumba ya wanasesere hana mwonyaji wa namna hiyo, maana kiti kizima hukaa katika kiganja, birika na vikombe vyake huenea juu ya sarafu moja, na kila kimoja kinaponunuliwa huingia nyumbani kimyakimya kikidai kwamba hakichukui nafasi. Hivyo ndivyo mtu mwenye akili timamu, asiyekuwa na israfu katika chakula wala mavazi, afikavyo siku moja akajikuta anavyo viti vya kukalisha baraza zima la mawaziri, na hana hata mwanasesere mmoja wa kuvikalia.

Mimi ni mmoja wa watu hao. Nakaa Uingereza, ambako sanaa hii ina wapenzi wengi, wake kwa waume, na ina mafundi wanaojipatia riziki kwayo, nami nilikuwa nimejaza kabati mbili na sehemu ya tatu ilipotokea haja ya kuhamia nyumba yenye vyumba viwili, na kupunguza kukawa faradhi. Wengi huzungumza juu ya kupunguza kwa sauti ya matanga. Mimi nasema kwamba kupunguza ni sehemu ya ufundi wenyewe, tena ni sehemu ngumu kuliko zote, kwa sababu mkono wa kununua ni mwepesi kwa kila mwenye fedha kidogo, ilhali jicho la kuchagua hupatikana kwa taabu na kwa kutazama sana.

Kipimo kilichoenea zaidi ni cha moja kwa kumi na mbili, yaani inchi moja kusimama badala ya futi moja. Ndicho alichokitumia Sir Edwin Lutyens katika nyumba ya wanasesere aliyomsanifia Malkia Mary, iliyokamilika mwaka 1924 ikaonyeshwa Wembley mwaka huohuo, na ambayo sasa imo katika kasri ya Windsor, ikiwa na mabomba yaliyotengenezwa yatoe maji, lifti za kupanda na kushuka, na maktaba ya vitabu vidogo ambavyo baadhi yake viliandikwa kwa mikono ya watunzi wenyewe, Arthur Conan Doyle akiwa miongoni mwao. Watu huisifu nyumba ile kwa maji yake. Nakiri ni ajabu, walakini bomba ni bomba, na ukiisha kulishangaa mara moja huna la kulirudia. Sifa inayodumu iko katika mti na nguo, kwani hivyo haviridhii kupunguzwa. Ukikifanya kiti kuwa kidogo mara kumi na mbili, nyuzi za mti hazipungui pamoja nacho. Mwaloni ambao nyuzi zake ni fahari ya meza kubwa huonekana mbovu na wa ovyo katika meza ya shubiri, na kwa ajili hiyo fundi hodari huuacha, akatafuta mti wa nyuzi laini kama mpea wa Ulaya, kisha akautia rangi hata ukafanana na ule alioukataa. Nguo nayo ina ukaidi wake: pazia la kweli huanguka kwa uzito wake, ama pazia la inchi saba halina uzito wa kuliangusha, na hariri iliyo nyembamba kabisa husimama ikatanuka, mpaka fundi aibane mikunjo mmoja mmoja kwa pini juu ya ubao, ailoweshe, aikaushe, na kuigandisha kwa gundi hafifu, ndipo jicho likubali kwamba linatazama pazia.

Ninayo meza moja ya kuandikia ya mkangazi, urefu wake inchi nne, ambayo sikuitia katika hesabu ya vya kuondoka hata kwa dakika moja. Miguu yake imekerezwa myembamba kama njiti ya kibiriti, na pembe za droo zake zimeunganishwa kwa meno yaliyofumana, yasiyoonekana vyema mpaka uyasogezee mwanga. Nikiivuta droo ya kulia kwa ncha ya kibano hutoka taratibu pasi na kukwama. Nikiirudisha, ile ya kushoto husogea nje kidogo yenyewe, kwa kuwa hewa iliyobanwa nyuma haina pengine pa kupita. Hapo ndipo hujulikana kiasi cha ustadi, maana droo iliyolegea haiwezi kufanya hivyo. Nikaigeuza nikaona kwamba chini yake, mahali ambapo hapana mtazamaji, fundi amepiga msasa kwa bidii ileile aliyoipiga juu, akaandika herufi za jina lake kwa kalamu ya risasi. Meza hiyo ikawa ndiyo mizani yangu. Kila chombo kilichosimama kando yake kikaonekana kuwa kinatazamwa kwa sababu ya ufundi, au kinatazamwa kwa sababu ya udogo tu. Na vya aina hii ya pili, ambavyo aghalabu ni vya kiwandani, vilikuwa vingi kupita nilivyotarajia.

Wala kuvithamini vyombo hivi kwa ufundi wake si jambo geni katika tarehe ya sanaa hii. Nyumba ya wanasesere ya zamani zaidi ijulikanayo ni ile ya Albrecht wa Tano, mtawala wa Bavaria, iliyotengenezwa Munich yapata mwaka 1558, ikateketea kwa moto mwaka 1674. Baadaye shughuli ikashikwa na wake wa matajiri wa Uholanzi, ambao hawakuziita nyumba zao michezo ya watoto hata kidogo. Petronella Oortman wa Amsterdam, mke wa mfanyabiashara wa hariri, alianza yake mwaka 1686 au karibu na hapo, katika kabati lililopambwa kwa magamba ya ng'amba na bati, akaagiza vyombo vya kauri viletwe kutoka mashariki ya mbali kwa kipimo chake, na yasemekana gharama zote zilifikia thamani ya nyumba ya kukaa watu ukingoni mwa mifereji ya mji ule. Nyumba hiyo imo katika Rijksmuseum, pamoja na picha yake iliyochorwa na Jacob Appel, na anayelinganisha picha na kabati huona kwamba wanasesere wa nta waliokuwamo vyumbani wametoweka takriban wote, vyombo vyao vikabaki.

Hata hivyo, mimi nampenda zaidi Sara Rothé. Mwanamke huyu mwaka 1743 alinunua mnadani nyumba tatu kuukuu za wanasesere, na badala ya kuziongezea ya nne akazivunja tatu zile, akachagua, akashona upya, akapaka rangi, akatengeneza nyumba mbili, akaandika kwa mkono wake daftari la kila alichokihamisha na kila alichokiongeza. Moja iko Haarlem katika makumbusho ya Frans Hals, ya pili iko Den Haag. Ninapotaka kumtaja mtu aliyeielewa kazi hii humtaja yeye, kwa kuwa fedha alikuwa nazo, nafasi alikuwa nayo, na hapakuwa na mtu wa kumlazimisha; alizipunguza kwa sababu jicho lake lilimwambia kwamba katika tatu zile mna mbili nzuri.

Siku hizi wako wanaofuata njia nyingine, wakaacha kipimo cha moja kwa kumi na mbili wakaingia cha moja kwa ishirini na nne, au cha moja kwa arobaini na nane. Hesabu yake inavutia: katika kipimo hiki cha mwisho kila upande ni robo ya ule wa kwanza, na ujazo wa nyumba hupungua mara 64, hata jumba lililojaza kona ya chumba likaweza kukaa katika rafu ya vitabu. Lakini hesabu hiyohiyo ndiyo fitina yenyewe, kwani anayepata nafasi ya nyumba 64 mahali pa moja si mtu wa kuaminiwa, nami nimewaona waliohamia huko kwa nia ya kupunguza wakawa sasa wanajenga mitaa.

Nilivyoviacha vilienda kwa njia mbalimbali, na sina haja ya kulirefusha hilo. Dalali alichukua baadhi, na vingine vikapata wenyewe miongoni mwa marafiki ambao kabati zao bado zafunga. Sharti moja nililolishika ni kutokitenga chombo na jamaa zake: kinara kilichotengenezwa pamoja na meza yake kiliondoka na meza yake.

Kilichobaki ni kuweka. Hapa ndipo wengi hukosea, kwa kuwa mtu aliyeokoa vyombo ishirini hutamani avione vyote ishirini kwa mtazamo mmoja, akavipanga katika zile trei za wapiga chapa zilizokuwa na vijumba vya herufi za risasi, kisahani hapa, kiatu pale, kuku wa kuokwa juu yake, na kila kimoja kikamnyang'anya jirani yake heshima. Wajenzi wa nyumba za mawe za Lamu na Pate walilijua jambo hili zamani, walipozichonga zidaka katika chokaa ya ukuta wa ndani safu juu ya safu, kila bakuli la Kichina likapewa kidaka chake na kivuli chake. Chombo kidogo nacho chataka ukuta wake na mwanga wake, na zaidi ya vyote chataka utupu wa kukizunguka, ili jicho lipate kusahau ukubwa wa chumba lilimo.

Bibi Narcissa Niblack Thorne wa Chicago alilifahamu hilo kwa ukamilifu. Vyumba alivyovisimamia katika miaka ya 1930, akiwapa kazi mafundi ambao baadhi yao walikuwa wameipoteza kwa mdororo wa uchumi, vimo 68 katika Art Institute ya mji ule, vimefichwa ukutani, na mtazamaji huviangalia kupitia kioo kilicholingana na macho yake. Nuru huingia kupitia madirisha ya chumba chenyewe, taa yake isionekane, na nje ya dirisha pana bustani. Hakuweka mwanasesere hata mmoja. Kitabu kimeachwa wazi juu ya meza, na mtazamaji mwenyewe ndiye anayekamilisha habari ya aliyekuwa akikisoma.

Nami kwa uwezo wangu mdogo nimefanya sanduku nne za kioo, zimeangikwa kimo cha macho katika ukuta usiopigwa na jua, kwa sababu jua huipausha hariri na kuukausha mti hata gundi ikaachia. Katika sanduku moja imo meza ya mkangazi na kiti chake, basi. Chini ya kila mguu pana punje ya nta, kwani malori yapitayo barabarani hutetemesha ukuta, na thuria iliyo katika sanduku la pili, isingeshikwa kwa nta hiyohiyo, ingekwisha anguka. Vumbi huondolewa kwa brashi ya mchora picha. Nyuma ya kila sanduku nimebandika karatasi yenye jina la fundi, mwaka, na mahali nilipokipata chombo, kwa kuwa warithi hawana wajibu wa kujua.

Ama nyumba yenyewe, ile iliyokuwa na ghorofa tatu na ngazi ya mzunguko, nilimpa mtoto wa jirani pamoja na samani zile za kiwandani zisizoogopa kuangushwa. Juzi nilialikwa kuitazama. Chumba cha kulia kimekuwa zizi la ng'ombe wa plastiki, bafu limejaa wagonjwa wanaosubiri daktari, na ukuta wa nyuma umeondolewa kabisa ili gari la zimamoto lipate kuingia jikoni, ambako, nilivyoarifiwa kwa msisitizo, pana moto kila siku.