Dawa Ndani ya Mfuko wa Ufizi
Ugonjwa wa fizi unapokomaa, ufizi huachana na jino na kufanya uwazi uitwao mfuko, ambamo ukoga, yaani utando wa bakteria, hugandamana na kuwa ugaga usiofikiwa na mswaki. Tiba ya msingi ni kuukwangua ugaga huo na kulainisha mzizi. Viuavijasumu vinavyowekwa mfukoni ni nyongeza tu.

Kikwazo cha viuavijasumu hivyo ni majimaji ya ufizi, ambayo hujaa mfukoni na kutoka mara 40 hivi kwa saa, hata dawa iliyosukumwa humo kwa bomba huoshwa kabla haijafanya kazi. Mwaka 1979 Max Goodson wa Marekani na wenzake walitumia nyuzi zenye tundu zilizojazwa tetrasaiklini, dawa ikavuja polepole. Baadaye zikaja jeli ya doksisaiklini ya asilimia 10, ambayo huganda ikikutana na unyevu, na chembe za minosaiklini, miligramu 1 kwa kila mfuko, zinazoyeyuka zenyewe.

Faida ya dawa hizi ni ndogo kuliko sifa zake. Katika mapitio ya Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani ya mwaka 2015, kukwangua peke yake kulirudisha mshiko wa ufizi kwa milimita 0.5 hivi, jeli iliongeza 0.64, na minosaiklini 0.24, tofauti ambayo kipimo cha mkononi, chenye alama za milimita nzima, hakiwezi kuisoma kwa uhakika. Kibanzi cha klorheksidini, ambayo ni dawa ya kuua vijidudu isiyo kiuavijasumu, kiliongeza 0.40, tena kwa ushahidi imara zaidi.

Kwa Goma, mji wa mashariki mwa Kongo, tofauti hiyo ya kiuavijasumu na dawa ya kuua vijidudu si ndogo. Julai 1994, kipindupindu kilipoua maelfu ya wakimbizi wa Rwanda katika kambi za Kibumba, Katale na Mugunga, vimelea vyake vilionekana kuwa sugu kwa tetrasaiklini na doksisaiklini, dawa za ukoo uleule wa zile za mfukoni. Ni kweli kwamba miligramu chache mdomoni hazilingani na vidonge vinavyomezwa kwa wingi, wala kipindupindu kile hakikutokana na fizi. Lakini penye historia ya usugu wa namna hiyo, kibanzi ndicho cha kutangulizwa, nacho kiwekwe kwa mgonjwa aliyebakiwa na mifuko michache yenye kina cha milimita 5 au zaidi baada ya kukwanguliwa na kupimwa upya, si kwa yule ambaye ugaga wake haujaguswa.