"Uhandisi Kinyume" au Ufumuaji? Istilahi za Kusoma Mafaili ya Gemu Kongwe

Miongoni mwa rasimu za istilahi zinazopita mikononi mwa walimu na wafasiri imo moja inayohusu kazi ambayo wengi wetu tungeidhania mchezo wa watoto: kuyasoma mafaili ya data ya gemu kongwe za kompyuta, na kuujua mpangilio wake pasipo kusaidiwa na waliozitunga. Makala haya yanakusudia kuihakiki rasimu hiyo. Hatutaipima kila istilahi iliyomo, kwa kuwa nyingi ni nzuri na nyingine hazina madhara. Tutakaa zaidi juu ya istilahi moja, ile inayoitaja kazi yenyewe, kwani hapo ndipo waandaaji walipoteleza, na kuteleza kwao kwaweza kumdhuru mtu.

Kwanza msomaji aelewe jambo lenyewe. Rasimu imechukua mfano wa gemu iitwayo Doom, iliyotolewa na kampuni ya id Software ya Marekani mwezi Desemba 1993. Uteuzi huo ni wa busara. Watungaji wa Doom walitenga programu na data: ramani, picha na sauti wakaziweka pamoja katika faili moja kubwa la aina iitwayo WAD. Wachezaji wakatamani kutunga ramani zao wenyewe. Msimbo wa programu haukutolewa hadharani mpaka Desemba 1997, lakini wao hawakungoja. Mapema mwaka 1994 Brendon Wyber, Raphaël Quinet na wenzao walikuwa wamekwisha kutoa programu ya kuhariri ramani za gemu hiyo, na mwaka huohuo Matthew Fell akasambaza maelezo marefu ya muundo wa WAD, maelezo yaliyoandikwa nje ya kampuni.

Faili la WAD huanza na baiti 12. Nne za mwanzo ni herufi, ama IWAD ama PWAD. Nne zinazofuata hutaja idadi ya vipande vilivyomo. Nne za mwisho husema saraka ya vipande hivyo iko umbali gani kutoka mwanzo wa faili. Katika saraka kila kipande kina baiti 16: nne za mahali kilipo, nne za ukubwa wake, na nane za jina lake. Ukifikia kipande kinachoorodhesha vitu vilivyotawanywa katika ramani, utakuta kila kitu kimeandikwa kwa baiti 10, yaani nambari tano za baiti mbili mbili: mahali pake mashariki au magharibi, mahali pake kaskazini au kusini, upande unaoelekea, aina yake, na masharti ya kutokea kwake. Mtu ayajuaje haya pasipo kuambiwa? Hubadili baiti moja, akaiendesha gemu, akatazama ni kitu gani kilichohama. Kisha huirudisha baiti ile mahali pake, akabadili nyingine. Ni kazi ya subira kuliko ya werevu.

Kazi hii rasimu inaiita "uhandisi kinyume". Mbele yake, kama kisawe, imeandikwa "udukuzi".

Niliichukua rasimu hiyo mpaka Korogwe na Handeni ili kuijaribu kwa watu. Huko Kiswahili ndicho cha shule na cha soko, hali Kizigua na Kisambaa vikisikika majumbani. Tena si mji mkuu, ambako kila fundi amekwisha kuizoea lugha ya vitabu vya kigeni. Zaidi ya hayo, watu wa pande hizo hawajapata kuingoja kamati ili waipe mitambo majina. Katika mashamba ya mkonge mtambo wa kuparua majani hata singa zikabaki huitwa korona, jina lililotokana na chapa ya mtambo wenyewe, na hakuna mfanyakazi aliyehitaji tafsiri yake.

Mjini Korogwe niliwapa wanafunzi wa kidato cha tatu ukurasa ule wenye "uhandisi kinyume", nikawaomba waeleze maana. Mmoja alisema ni uhandisi uliokosewa, kama daraja lililojengwa vibaya. Wa pili akasema ni uhandisi ulio kinyume cha sheria. Waliokaa nyuma walicheka, na sababu ya kicheko chao haihitaji kuelezwa katika kurasa hizi. Msomaji anajua neno "kinyume" limekwisha kuandamana na nini katika mazungumzo ya watu wazima. Hapakuwa na hata mmoja aliyedhani kwamba ni kukichunguza kitu kilichokwisha kutengenezwa ili kujua kilivyotengenezwa. Istilahi inayomwelekeza msomaji mahali patatu, na pote patatu pakawa si penyewe, haiwezi kuokolewa kwa fasili nzuri.

Kosa lilianzia wapi? Waandaaji walilitazama jina la Kiingereza, wakaona lina maneno mawili, moja la kurudi nyuma na moja la uhandisi, wakatafuta maneno mawili ya kuyalinganisha. Lakini Kiingereza kiliunganisha maneno mawili kwa shida yake chenyewe. Kiswahili kinayo njia nyepesi zaidi, nayo ni mnyambuliko wa kutendua. Tunafunga na kufungua, tunaziba na kuzibua, tunatega na kutegua, tunakunja na kukunjua. Kiambishi kimoja kinatosha kulirudisha tendo lilikotoka. Njia hii si ya Kiswahili pekee. Imo katika Kizigua, katika Kisambaa, na katika lugha nyingine nyingi za Kibantu. Utaratibu wetu wa kutafuta istilahi unatuamuru tuanze na Kiswahili chenyewe na lahaja zake, tuendelee na lugha za Kibantu, ndipo tutoke nje. Waandaaji walitoka nje kabla ya kufungua mlango wa kwanza.

Karibu na stendi ya Korogwe nilimwuliza fundi cherehani mmoja, mzee wa makamo, hufanya nini mteja anapomletea gauni lililoshonwa mbali, akataka jingine kama lile. Alinijibu: "Mwanangu, nguo ya watu huichani. Waifumua mshono mmoja mmoja, ukishajua ilivyokatwa waishona tena ikawa vilevile." Katika jibu hilo ninaiona fasili kamili, bora kuliko ile ya rasimu. Kuna kitu kilichokwisha kuundwa na mwingine. Kuna kukitendua kwa utaratibu, pasipo kukiharibu. Kuna shabaha, ambayo ni kujua kilivyoundwa. Na kuna uwezo wa kutengeneza kingine. Wasusi nao hufumua nywele kila siku, na msusi makini hupata kuujua mtindo asioujua kwa kuufumua taratibu kichwani mwa mteja aliyesukwa kwingine.

Hapa kuna ushahidi mwingine ambao nashangaa kwamba haukuonekana. Neno letu la kawaida katika taaluma hii ni mfumo: mfumo wa kompyuta, mfumo wa faili, mfumo wa namba. Neno hilo limezaliwa na kitenzi "fuma". Ikiwa tumekubali kwamba programu na data zake ni kitu kilichofumwa, basi tendo la kuzirudisha nyuzi moja moja ili kuujua ufumaji wake limekwisha kupewa jina na lugha yenyewe. Ni kufumua. Kazi ni ufumuaji, mtendaji ni mfumuaji, na tunaweza kusema ufumuaji wa mafaili, ufumuaji wa programu, gemu iliyofumuliwa. "Uhandisi kinyume" haukuzaa kitenzi hata kimoja. Mtu hawezi kusema "nimeihandisi kinyume" bila ya kutazamwa usoni.

Nimeyapima pia maneno mengine ya jamii hiyo. "Fumbua" ni zuri, ila ufumbuzi umekwisha kuwa wa matatizo. "Pangua" huacha vitu ovyo, na baiti za mfumuaji lazima zibaki mahali pake. "Kongoa" ni kung'oa misumari ya kitu kilichoundwa. Lingewafaa wanaofungua mashine zenyewe, na ninaliweka akiba kwa kazi hiyo. Mwenzangu mmoja alipendekeza "undua". Sikulisikia kinywani mwa mtu yeyote.

Yapo pia pingamizi ya haki, kwamba magazeti hutumia "kufumua" kwa maana ya kubadili kabisa, kama vile kufumua uongozi wa chama au mtaala. Siikatai. Hata hivyo hayo ni matumizi ya sitiari, na yamejengwa juu ya mshono uleule. Fundi wa Korogwe husoma magazeti hayohayo, na bado alipoulizwa habari ya gauni hakufikiria uongozi wa chama chochote.

Sasa turudi kwenye kile kisawe, "udukuzi". Neno hili magazeti hulitumia kwa kuvamia mitambo ya watu na kuiba kilichomo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inaadhibu kuingia katika mfumo wa kompyuta pasipo idhini. Kijana wa Handeni anayelifungua faili la gemu iliyo katika mashine yake mwenyewe hamwingilii mtu, lakini rasimu imemvika jina la mhalifu. Kwingineko duniani jambo hili limefika mahakamani na katika mabunge kwa jina lake lenyewe. Mwaka 1992 mahakama ya rufani ya Marekani, katika kesi ya Sega na Accolade, iliona kwamba kuifumua programu ni matumizi ya haki pale isipokuwapo njia nyingine ya kujua jinsi ya kutengeneza gemu zitakazokubaliana na mashine ya Sega. Mwaka 1991 Jumuiya ya Ulaya ilikuwa imekwisha kuruhusu ufumuaji wa programu, kwa masharti, ili programu tofauti zipate kuelewana. Si kazi ya mwanaistilahi kuamua lililo halali. Ni kazi yake kuona kwamba matendo mawili hayabebi jina moja kabla hakimu hajayasikiliza.

Wala si habari ya gemu tu. Katika ofisi moja nilionyeshwa kabati lenye disketi za kumbukumbu za miaka ya nyuma, zilizoandikwa na programu ambayo hapana mtu anayeiuza tena. Atakayezisoma atatumia ustadi uleule wa kijana wa Doom. Tukimwita mdukuzi, mkuu wa ofisi hatamkabidhi ufunguo wa kabati.

Mengine nitayapita kwa haraka. "Umbizo" limezoeleka katika programu zilizotafsiriwa, nalo libaki. "Kijajuu" kwa baiti za mwanzo wa faili halifai: ni neno la ukurasa, wenye juu na chini, hali faili lina mwanzo na mwisho tu. "Kitangulizi" latosha. "Mruko", kwa maana ya umbali wa kipande kutoka mwanzo wa faili, ni ubunifu usiohitajika. Mafundi wote niliowauliza Handeni walisema "umbali", nami sioni sababu ya kuwasahihisha.

Rasimu imepata taabu kubwa mahali pa utaratibu wa kuandika nambari baiti ndogo ikitangulia. Katika WAD nambari 1000 huandikwa 232, 3, 0, 0, maana 232 ukijumlisha na mara tatu ya 256 ni 1000. Rasimu inauita "mpangilio wa kigeuzi". Hakuna kilichogeuzwa. Sisi huandika tarehe kwa kutanguliza siku, kisha mwezi, kisha mwaka, na Mwarabu husema moja na ishirini. "Mdogo mbele" litaeleweka hata kwa mtoto.

Lililonifurahisha ni kwamba WAD yenyewe rasimu imeiita "kitita", neno la wafanyabiashara wa noti, lenye maana ileile ya neno la Kiingereza, na vipande vyake ikaviita "madonge". Kitita kilipokelewa kote bila ya swali. Donge lilipingwa na fundi mmoja wa simu wa Handeni, aliyesema donge ni la ugali na haliwezi kuwa na jina la herufi nane. Wenzake wawili walimcheka, na mmoja wao alikuwa amekwisha kuanza kulitumia kabla sijaondoka pale kibandani. Napendekeza libaki.