Logos na Upatanisho wa Ngeli katika Injili ya Yohana

Mabishano juu ya istilahi za Kiyunani zilizomo katika Agano Jipya aghalabu huhusu uteuzi wa msamiati: kama logos ni neno, au ni hoja, au ni hekima. Kwa Kiswahili swali hilo limekwisha kujibiwa, na jina "Neno" limekaa imara. Lakini uamuzi ulio mzito zaidi haumo katika jina hilo. Umo katika kiambishi kidogo kinachotangulia kitenzi, nao haujachunguzwa kwa kadiri inavyostahili.

Katika Kiyunani, logos ni jina la jinsi ya kiume. Jambo hilo peke yake halimjulishi msomaji kwamba anayetajwa ni nafsi hai, maana lithos, yaani jiwe, nalo ni la jinsi hiyohiyo. Viwakilishi houtos katika aya ya 2 ya sura ya kwanza ya Yohana, na autou katika aya ya 3, kwa sarufi peke yake vyaweza kurejea kwa mtu au kwa kitu. Sura huanza bila ya kumlazimisha msomaji kuamua. Kadiri anavyoendelea ndivyo nafsi hiyo inavyodhihirika, hata kufika aya ya 14, Neno anapotwaa mwili. Kwamba shaka hiyo si ya kubuni huonekana katika Kiingereza: William Tyndale, aliyefasiri katika karne ya 16, alitumia katika aya ya 3 kiwakilishi cha kitu, na wafasiri wa King James wa mwaka 1611 wakatumia cha mtu.

Kiswahili hakimwachii mfasiri nafasi ya kunyamaza. Neno ni jina la ngeli ya LI-YA; mara litumiwapo pamoja na kitenzi, hapana budi kuchagua baina ya li- na a-. Union Version, Biblia iliyotolewa mwaka 1952, ilipata hila njema. Kishazi cha kwanza kimeanzwa kwa "kulikuwako", na kiambishi ku- hakilifungi Neno katika ngeli yoyote. Kishazi cha pili kinaanza kwa "naye", na tangu hapo jambo limekatwa. Biblia Habari Njema, iliyofuata baadaye katika karne hiyohiyo ya 20, imeweka "alikuwako" tangu kishazi cha kwanza. Ni Kiswahili chepesi, lakini ile hatua moja ya kungoja imepotea.

Yawezekana kudai kwamba ingalifaa kushika li- mpaka nafsi idhihirike. Dai hilo lasahau tabia ya lugha. Waziri na daktari, ingawa wingi wao ni wa ma-, hupatanishwa kwa a-. Na anayesema "jitu limekuja" ama amekuza, ama amedharau. Kwa hiyo li- iwekwayo kwa nafsi hai si kimya, bali ni hukumu. Mfasiri aliyeikwepa hakukosa.

Lakini gharama yake huonekana penginepo. Katika Marko 4, mpanzi apandapo neno, Union Version imeshika li-, na ni sawa, kwa kuwa ni ujumbe unaosikiwa. Katika Waebrania 4:12, ambapo neno la Mungu husemwa kuwa hai, imeshika li- vilevile, ijapokuwa baadhi ya Mababa wa Kanisa walifahamu kwamba anayetajwa hapo ni Kristo mwenyewe. Msomaji wa Kiyunani hukutana na logos ileile katika Yohana na katika Waebrania, akaweza kuuliza. Msomaji wa Kiswahili amekwisha kujibiwa kabla hajauliza. Tena katika mwanzo wa Waraka wa Kwanza wa Yohana, kirejeshi cha Kiyunani si cha jinsi ya kiume, wala hakipatani na logos. Bali "lile" la Kiswahili lapatana barabara na Neno litajwalo mwishoni mwa aya, na hivyo lafunga fundo ambalo Kiyunani kimeliacha wazi.

Pneuma lathibitisha jambo hilo kwa upande wa pili. Kwa Kiyunani ni jina lisilo la kiume wala la kike, na sifa yake hufuata jinsi hiyo. Katika "Roho Mtakatifu" kiambishi m- kimekwisha kukiri nafsi.

Basi upatanisho wa ngeli si pambo la sarufi. Ni ufafanuzi wa maandiko. Wafasiri wa Kiswahili walifafanua, na katika Yohana walifafanua vema. Kinachotakiwa sasa ni kwamba waandikao sherehe za maandiko kwa Kiswahili wasijenge hoja ya imani juu ya a- au li- kana kwamba ilitoka katika kalamu ya Yohana, bali wamwonyeshe msomaji mahali ambapo lugha yake imeamua kwa niaba yake.